Leseni ya Fundi Umeme Mjini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa anayetaka kufika kwenye leseni ya fundi umeme katika jiji kubwa. Hayafundishi wayaringi. Kila jiji lina karatasi zake, kwa hiyo palipo na namba nimesema ni ya wapi. Usichukue ya Texas ukaipeleka London.

Nafunga umeme vizuri na taa zinawaka. Leseni ya nini tena?

Taa kuwaka hakuthibitishi kitu. Taa itawaka hata kama swichi inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya waya wa moto (unaouleta). Ukizima, inazimika, ila holda bado ina umeme, na atakayelijua hilo ni mtu anayebadilisha balbu. Soketi nayo inaweza kutumika miaka kumi bila erthi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) na hakuna atakayelalamika, mpaka siku friji itakapovujisha umeme kwenye bodi lake na mtoto akaligusa akiwa pekupeku. Makosa ya umeme ndivyo yalivyo. Siku ya kukabidhi kazi hayaonekani, na yanapoonekana fundi alishahama zamani.

Leseni inaweka jina chini ya kazi. Jengo likiungua, kampuni ya bima na wachunguzi wa moto watauliza ni nani aliyesaini. Ndiyo maana njia nzima ya leseni, kuanzia miaka ya kazi na saini za wasimamizi hadi mitihani, inazunguka swali moja: tukikukabidhi jengo lenye familia mia moja, dhamana yake utaibeba? Kuunganisha waya ni sehemu tu ya swali hilo. Ukiliweka akilini tangu mwanzo, masharti mengi yanayoonekana kama usumbufu yataanza kueleweka.

Nani hasa anatoa leseni?

Hapa watu wengi wanapotea, tena wakiwa wameshalipa ada ya kozi.

Marekani haina leseni moja ya taifa. Texas inatoa leseni ya jimbo zima, hivyo fundi wa Houston na wa Dallas wanapita mlango mmoja. Illinois haina leseni ya jimbo kwa mafundi umeme, ila Chicago ina yake. Jimbo la New York nalo limeziachia mamlaka za chini, na ndani ya jiji la New York mwenye kauli ni Idara ya Majengo. California ina hati ya ufundi inayotolewa na jimbo, halafu leseni ya ukandarasi wa umeme, iitwayo C-10, inatoka kwenye bodi nyingine kabisa.

Uingereza ni habari tofauti. Hakuna leseni ya fundi umeme kwa maana hiyo. Kuna sifa za kitaaluma na kadi za ufundi, na tangu Januari 2005, kwa England na Wales, kuna sehemu ya kanuni za majengo iitwayo Part P. Hiyo inataka kazi fulani za umeme wa nyumbani zitolewe taarifa kwa mamlaka, au zifanywe na mtu aliyesajiliwa kwenye mpango unaotambuliwa.

Basi kabla ya kuuliza usome nini, uliza hapo ulipo anayesaini leseni ni nani. Jibu lichukue kwenye ofisi yenyewe au tovuti yake. Muuza kozi si shahidi mzuri katika kesi hii.

Ngazi ni ngapi?

Majina hubadilika, ila kwa kawaida ni tatu. Mwanagenzi anafanya kazi chini ya macho ya mwenye leseni. Fundi kamili anaweza kuachiwa kazi peke yake, ila mara nyingi haruhusiwi kuchukua zabuni wala kuomba kibali kwa jina lake. Fundi mkuu anapanga, anasimamia wengine na anasaini.

Yapo majiji yasiyofuata ngazi hizi. New York inatoa leseni ya fundi mkuu, na ya fundi maalumu anayehudumia majengo ya mwajiri wake tu. Wanaofanya kazi chini ya fundi mkuu hawana leseni ya jiji hata wawe na uzoefu wa miaka ishirini. Chicago inamtambua msimamizi wa umeme mwenye leseni, na kampuni isiyo na msimamizi wa namna hiyo haiwezi kuwa mkandarasi wa umeme.

Inachukua miaka mingapi?

Texas inataka saa 8,000 za kazi kwa fundi kamili. Kwa fundi mkuu inataka saa 12,000, na uwe umeshika leseni ya fundi kamili kwa miaka 2. California inataka saa 8,000 kwa fundi wa jumla. New York inataka miaka 7 na nusu ya kazi ndani ya miaka 10 iliyotangulia maombi.

Saa 40 kwa wiki kwa wiki 50 ni saa 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo saa 8,000 ni miaka minne, kama kazi haisimami. Na kazi za ujenzi husimama. Panga mitano.

Kozi ya wiki sita inaweza kukufundisha mambo mazuri, ila cheti chake ni cha kuhudhuria tu. Digrii ya uhandisi wa umeme hupunguza muda katika baadhi ya mamlaka, lakini sijaona mahali panapotoa leseni ya kufunga umeme kwa mtu ambaye hajawahi kushika koleo.

Sina uzoefu wowote. Nianzie wapi?

Tafuta nafasi ya uanagenzi uliosajiliwa, iwe kwa chama cha wafanyakazi, kampuni au chuo chenye mkataba na waajiri. Huo ndio wenye faida, kwa sababu unalipwa huku unahesabiwa saa. Marekani, mpango wa namna hiyo huambatanisha kazi na darasa, na kiwango kinachopendekezwa ni saa 144 za darasani kwa mwaka. Usaili wa vyama vikubwa una mtihani wa aljebra na wa kusoma na kuelewa. Aljebra yenyewe ni ya sekondari: kutafuta x, sehemu, na kusoma grafu. Mwezi mmoja wa mazoezi kabla ya usaili unatosha kabisa kwa mtu aliyesahau.

Nafasi zikijaa, ingia kama msaidizi kwenye kampuni yenye mtu mwenye leseni. Utabeba mabomba na kufagia vumbi miezi ya mwanzo. Vumilia, lakini hakikisha umesajiliwa kama mwanagenzi pale sheria inapotaka. Texas, kwa mfano, hata mwanagenzi anatakiwa awe na leseni yake ndogo. Ukifanya kazi bila hiyo, unajitolea tu.

Saa zangu nitazithibitisha vipi?

Kama kuna jibu moja la kusoma mara mbili, ni hili. Watu wenye ujuzi wa kutosha wanakwama miaka kwa sababu ya karatasi, wakati wenzao wa wastani waliotunza daftari wanapita.

Nunua daftari siku ya kwanza ya kazi. Kila siku andika tarehe, anwani ya jengo, aina ya kazi, saa ulizofanya, na jina la aliyekusimamia pamoja na namba ya leseni yake. Usiandike "umeme". Andika "kuvuta waya kwenye paipu, ghorofa ya 3", "kufunga bodi ya fesi tatu", "kupima mzunguko wa erthi". Afisa anayekagua anataka kuona upana wa kazi. California haikubali saa 8,000 zote ziwe za aina moja ya kazi. Na hata mahali pasipo na sharti hilo, mtu aliyefunga soketi za nyumba za kawaida miaka minne mfululizo ataumbuka kwenye maswali ya mota.

Msimamizi asaini kila mwisho wa mwezi, msisubiri mwisho wa mkataba. Kampuni hufungwa, watu hugombana, wengine hufariki. Mwajiri mliyeachana kwa shari hawezi kukumbuka saa zako, na wala hatataka. Saini aliyoiweka mkiwa mnakunywa chai pamoja haiwezi kufutika.

Tunza pia hati za mshahara na za kodi. Zipo mamlaka zinazolinganisha barua ya mwajiri na kumbukumbu hizo, na vikipishana linaloaminiwa ni la kodi. Maana yake ni kwamba kazi ya kulipwa mkononi, isiyoandikwa popote, inakupa pesa leo na inakunyima miaka kesho.

Nilijifunza kwa fundi wa mtaani asiye na leseni. Inahesabika?

Mara nyingi hapana. Ujuzi unabaki kuwa wako, saa hazihesabiwi. Uliza kama kuna mtihani wa kupima ujuzi uliopatikana nje ya mfumo. Baadhi ya nchi zinao.

Hesabu nahitaji kiasi gani?

Kuzidisha, kugawanya, asilimia, na ujasiri wa kutumia fomula. Chukua hita ya wati 3,000 kwenye volti 230. Gawanya, unapata ampea 13 na kidogo. Wengi huishia hapo, wanachagua kebo inayobeba ampea hizo na kuendelea. Lakini hita iko mita 40 kutoka kwenye bodi ya kugawia umeme. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 2.5 hupoteza karibu milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Zidisha 18 kwa 13 kwa 40, unapata volti 9.4 hivi, ambazo ni kama asilimia 4 ya 230. Kanuni za Uingereza huruhusu asilimia 5 kwa matumizi yasiyo ya taa, basi umepita. Ingekuwa taa, kikomo ni asilimia 3, na kebo ileile ingekufelisha.

Bado hujauliza kama kebo inapita kwenye dari yenye joto, au imefungwa pamoja na kebo nyingine sita. Kila moja ya hizo inapunguza ampea ambazo kebo inaweza kubeba kwa usalama. Mtihani unapenda sana kukutegea hapo, kwenye maneno mawili ya katikati ya swali.

Mtihani wa nadharia ukoje? Ni kweli kitabu kinaruhusiwa?

Sehemu nyingi ndiyo, na hicho ndicho kinachowaangusha watu. Wanasikia "kitabu wazi", wanalala.

Mtihani wa kanuni za Uingereza, BS 7671, una maswali 60 kwa saa 2. Ni dakika mbili kwa swali, na kitabu chenyewe ni kinene. Mwenye kujua kitabu anafungua ukurasa kwa sekunde ishirini. Asiyekijua anaanza faharasa, anaruka jedwali, anarudi, na dakika tano zimekwenda. Marekani kitabu ni NEC (National Electrical Code, yaani kanuni za taifa za umeme), kilichotoka mara ya kwanza 1897 na sasa hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka 3. Jifunze ramani yake kabla ya kujifunza maneno yake: erthi na kuunganisha vyuma iko Kifungu cha 250, mota iko 430. Baada ya wiki kadhaa mkono unaenda wenyewe.

Uliza jiji lako linatumia toleo gani. Kitabu kipya kabisa dukani huenda si kile ambacho mtihani unakitumia, kwa kuwa majiji huchelewa kupitisha matoleo, na mengine huongeza marekebisho yao juu yake. Uliza pia kama unaruhusiwa kubandika vialama vya kurasa. Pengine unaruhusiwa, pengine vinanyofolewa mlangoni mbele yako.

Halafu soma neno "isipokuwa". Kanuni za umeme ni sheria moja na vighairi vinne, na mtunga mitihani anaishi kwenye vighairi.

Na wa vitendo?

Hauko kila mahali. Ulipo, kama New York, au ule wa Uingereza uitwao AM2, wanakuangalia mikono na utaratibu wako. Spidi ina nafasi ndogo.

Jambo la kwanza ni kuzima na kuthibitisha. Zima, funga kwa kufuli, weka kibao chenye jina lako, ufunguo uwe mfukoni mwako. Kisha jaribu testa yako kwenye umeme unaojua upo, pima pale ulipozima, halafu rudi uijaribu tena kwenye umeme. Ile hatua ya tatu ndiyo watu wanairuka. Testa inaweza kufa katikati, na testa iliyokufa inasema "hakuna umeme" kwa sauti ileile ya testa nzima.

Jambo la pili ni mpangilio wa vipimo. Kabla ya kuwasha unapima mwendelezo wa waya wa erthi, kisha uimara wa maganda ya waya, kisha kama moto na nyutro viko mahali pake. Ukishawasha ndipo unapima mzunguko wa hitilafu ya erthi na RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja). Mpangilio huu una sababu: ukikosea erthi, vipimo vinavyofuata haviaminiki na vingine ni hatari kuvifanya. Kipimo cha maganda kwa mfumo wa kawaida wa nyumba hufanywa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu (DC), na kiwango cha chini ni megaomu 1. Waya mpya unaosoma megaomu 1 umepita kwa sheria, lakini mimi nisingelala. Mpya husoma mamia. Na kabla ya kubonyeza hizo volti 500, ondoa vifaa vyenye elektroniki, la sivyo utanunua vingine.

RCD ya miliampea 30 ya aina ya kawaida inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300 mkondo wa kiasi hicho unapovuja. Utaulizwa pia kwa nini 30. Ni kwa sababu juu ya kiwango hicho, mkondo unaopita mwilini kwa muda unaanza kuvuruga mapigo ya moyo.

Nimefeli. Sasa?

Utarudia baada ya muda uliowekwa. Omba mchanganuo wa alama kama unatolewa, usome ulipoanguka, uache kusoma upya kitabu kizima.

Kwa nini miji mikubwa inabana kuliko vijijini?

Kwa sababu kosa la nyumba moja linakuwa la jengo zima. Kwenye ghorofa, waya zinapita kwenye mashimo yanayounganisha sakafu zote, na shimo lisilozibwa kwa kitu kinachohimili moto linakuwa bomba la moshi. Kuna majengo ya miaka themanini yenye waya za tabaka tatu za historia, lifti, pampu za maji ya kuzimia moto, na taa za dharura ambazo hazitakiwi kuzimika hata mkiua umeme mkuu.

Jiji pia huweka sheria zake juu ya zile za taifa. Chicago inajulikana kwa kutaka waya zipite kwenye mabomba ya chuma hata ndani ya nyumba za kawaida, ambako sehemu nyingi za Marekani kebo ya ganda la plastiki inaruhusiwa. Fundi anayetoka nje anaona ni ukaidi. Akishalazimika kubadilisha waya ndani ya ukuta bila kuuvunja, analipenda bomba.

Nina leseni ya nchi nyingine. Naweza kuitumia?

Kama leseni, kwa kawaida hapana. Kama ushahidi wa uzoefu, mara nyingi ndiyo, ikiwa na tafsiri iliyothibitishwa na barua za waajiri wako wa zamani. Anza kuzikusanya kabla hujasafiri.

Jihadhari na rangi za waya. Nyeusi Marekani ni waya wa moto. Katika nyumba za zamani za Uingereza nyeusi ni nyutro. Katika mfumo mpya wa Uingereza nyeusi ni fesi ya pili, yaani mmoja wa waya za moto kwenye umeme wa fesi tatu. Bluu sasa ni nyutro kule, ila kwenye fesi tatu za zamani bluu ilikuwa fesi, na kazi mpya zote zililazimika kuhamia rangi mpya kuanzia mwishoni mwa Machi 2006. Maana yake jengo moja la London linaweza kuwa na bluu mbili zenye maana mbili. Mazoea ya mkono ndiyo yanayoua hapo, kwa hiyo pima kila waya kama vile hauna rangi.

Rangi zingine sizioni vizuri. Niache?

Usiache kabla hujauliza. Baadhi ya waajiri wana kipimo cha macho, wengine wanakubali ukitumia lebo na vifaa vya kupimia. Kazi za kebo ndogo za mawasiliano zitakusumbua zaidi kuliko za umeme mkubwa.

Nikipata leseni naweza kufungua kampuni kesho yake?

Si lazima. Ukandarasi mara nyingi ni leseni nyingine, yenye bima ya madhara kwa watu wengine, usajili wa biashara, na pengine dhamana ya fedha. Kila kazi inaweza kuhitaji kibali kabla ya kuanza na ukaguzi kabla ya kuziba ukuta. Mkaguzi akikuta umeshapiga plasta, ana haki ya kukwambia ubomoe, na atakwambia.

Jamaa ana kampuni ila hana leseni. Anataka kunilipa kila mwezi atumie yangu. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa, na majiji mengi yanaliita kosa waziwazi. Wewe ndiye uliyesaini. Ukiwa umelala nyumbani, vijana usiowajua wanafunga bodi kwa jina lako. Ikitokea hitilafu, mwenye kampuni atasema alimtegemea mwenye leseni, na atakuwa anasema kweli. Unaweza kupoteza leseni ya miaka minane kwa hela ya mwezi. Kama kweli anakuhitaji, aajiri, uende saiti, ukague kabla ya kusaini.

Leseni inadumu muda gani?

Inahuishwa kila mwaka au kila baada ya miaka michache, na sehemu nyingi zinadai masomo ya nyongeza. Texas inataka saa 4 kwa mwaka. Ukiiacha ikaisha muda mrefu, unaweza kurudishwa kwenye mtihani.

Nianze na vifaa gani?

Koleo la kukata, koleo la kubana, bisibisi zenye mpini uliothibitishwa kwa volti 1,000, futi ya kupimia, kisu cha kumenyea, miwani. Usianze na drili ya gharama, kampuni itakuwa nayo.

Hela itumie kwenye testa. Ile bisibisi yenye taa ndogo ndani iache dukani, inawaka na kuzimika kwa sababu nyingi zisizohusiana na umeme kuwepo. Chukua testa ya ncha mbili, yenye alama ya CAT III au CAT IV (ngazi za usalama wa kifaa cha kupimia umeme) na volti zinazozidi zile unazofanyia kazi, na waya zake zisiwe na mchubuko. Na ukifika zamu ya kununua ngazi, nunua ya faibaglasi. Ya alumini hata ukipewa bure usiipeleke kwenye kazi ya umeme.